Tumbo la Mhakiki

Siku ile mjinga alikuwa Wendelin, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake. Jarida lilipomtaka apendekeze mhakiki wa makala yake, aliona ni utovu wa adabu kumruka mzee aliyemfundisha kazi. Akaandika jina la Profesa Beatus.

Makala ilihusu mbu wa kijiji cha Mofu wanaouma jioni mapema, watu wakiwa bado wanapika, kabla hawajaingia kwenye vyandarua. Wendelin aliwakamata kwa kukaa nje, suruali imekunjwa hadi magotini, akiwavuta kwa mrija walipotua miguuni. Bila makala hiyo kuchapishwa, hapati shahada yake ya uzamivu.

Majibu yalifika Jumatatu asubuhi, ofisini Ifakara. Jarida lilikuwa la uhakiki wa wazi, mhakiki hafichwi, kwa hiyo Wendelin alipofungua maoni, Profesa Beatus alitoka kwenye skrini, akatanguliza miguu, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Makala yako nimeikataa. Haina jipya."

Tumbo lake lilikuwa limevimba, jekundu, ngozi nyembamba hadi damu ilionekana ikichezacheza ndani. Akacheua. Chumba kizima kikanuka kambale aliyelala. Serafina, wa meza ya pili, akafunika mihogo yake.

"Hiyo damu ya wapi, Profesa?" Wendelin akauliza.

"Ya Mofu." Profesa akajifuta mdomo kwa tai. "Makala yangu inatoka mwezi ujao. Mbu wa jioni. Nimekushukuru mwishoni, wewe na dereva."

"Hongera, Wende," Serafina akasema. "Umemfungulia mbu chandarua, ukamwekea na mto."

Wendelin akakata rufaa. Mchana mhariri wa jarida, Dokta Sumayya, akampigia simu ya video kutoka Dar es Salaam. Wendelin akaelekeza kamera kwenye kiti. Profesa alikuwa anasinzia, damu ikimvuja kitovuni hadi sakafuni, inzi wamejaa.

"Unamwona, Dokta?"

"Namwona. Shikamoo, Profesa."

Profesa akapunga mkono bila kufumbua macho.

"Kaninyonya kazi yangu! Anavuja mbele yako!"

"Na jina lake tumeliweka, na maoni yake kila mtu anayasoma. Rufaa imekataliwa."

"Sasa huo uwazi wenu una faida gani?"

Dokta Sumayya alikuwa ameshaanza kufungua faili lingine.

"Tuliahidi utamwona, ndugu yangu. Kwamba tutamzuia, nani alikwambia?"