Mkwe kwenye Tui la Korosho

Ya mezani mimi sikuyaona. Nilisimuliwa na Isabela mwenyewe, alasiri ya siku ile ile, mwaka juzi, msimu wa korosho, vidole vyake bado vinanuka tui. Alisimulia taratibu, kama mtu anayechambua mchele, hakuruka kitu. Ya jikoni hakuwa na haja ya kunieleza. Jikoni nilikuwepo.

Kuku wale aliachiwa na Mwalimu Faidha alipohamishwa kutoka Kitangari. Walikuwa wanne, weupe, manyoya laini kama sufi ya mto, vidole vitano kila mguu. Majirani tulicheka sana. Anwari, mume wangu, aliuliza kama wale wanafugwa au wanalaliwa. Isabela akacheka na sisi, kisha akawapa majina. Jogoo alikuwa Diwani, maana alitembea kifua mbele na njiwa akitua alikimbia. Sista, kazi yake ilikuwa kulalia: mayai yake, mayai ya wenzake, na siku moja alikutwa amelalia mabibo matatu chini ya mkorosho. Ukimwondoa anakutazama kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Mimi mwenyewe nilimwazima mara mbili, akaniangulia vifaranga kumi na saba. Wa tatu alikuwa mgomvi mno kupewa jina, aliitwa Wewe. Wa nne ni Mkwe, kwa sababu hakula mbele za watu. Alisubiri tugeuke, ndipo adonoe. Ndiye aliyenenepa kuliko wote.

Isabela aliwapenda kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuisema. Nyumba yake ilikuwa kimya kwa mwaka wa tano. Mwanawe wa pekee, Isaka, anaishi Mtwara. Mtoto wa kwanza wa Isaka alifariki akiwa na miezi mitatu, wiki moja baada ya kuletwa kwa bibi yake ili aonwe. Ilikuwa homa. Lakini akatokea mtu akamwambia Isaka ule ni mkono wa mama yake. Tangu hapo, akipita kwenda Newala mjini husimama barabarani, husema shikamoo, huuliza hali. Maji hanywi.

Halafu akapiga simu. "Mama, Jumamosi tunapita, mimi na Furaha. Tutakula kwako."

Furaha ni mkewe. Isabela alikuja kwangu mbio, mwanamke wa miaka sitini na sita, akayarudia maneno yale mlangoni mara tatu. La kupita hakulirudia. Alirudia la kula tu.

Mtoto aliyepotea miaka yote hiyo hapokelewi kwa kisamvu. Anachinjiwa. Na kuku wetu wa kienyeji, wangu na wake, walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa wa kideri mwezi wa nane. Walisalia wale weupe tu, ambao Mwalimu aliwachanja kabla hajaondoka. Jumamosi asubuhi Isabela alilizunguka banda mpaka miguu ikajaa vumbi. Mwisho akamkamata Mkwe, akampa Anwari, akaingia ndani akafunga mlango mpaka kukawa kimya.

Mimi ndiye niliyemnyonyoa. Manyoya yalitoka kwa mafungu, mepesi, na chini yake ngozi ilikuwa nyeusi. Nikadhani maji ya moto yamemharibu. Nikampasua: nyama nyeusi, mfupa mweusi, weusi wa kuzaliwa nao. Hatukuwa tumewahi kuchinja hata mmoja wao. Isabela alimtazama muda mrefu kwenye beseni. Akasema afadhali awaonyeshe wageni wale walio hai, awaeleze kabla hawajanawa. Au apike kunde, yaishe.

"Mama Isaka," nikamwambia, "mtu umemngoja miaka mitano, umpe kunde? Twanga korosho. Tui likiwa zito hawataona kitu."

Alinitazama. Akachukua kinu.

Walifika saa saba, nami nilikuwa nimekwisha rudi kwangu. Walinawa. Isabela akaomba baraka ya chakula, na Isaka akaitikia amina kwa sauti. Isabela aliniambia alipoisikia ile amina alishika ukingo wa meza. Isaka akachukua paja, akalibana kwa tonge la ugali. Tui likateleza, ngozi ikachungulia. Akalifuta kwa kidole gumba, polepole, upande mmoja, kisha wa pili, mpaka akafika mfupani. Furaha alikuwa amekwisha kuondoa mkono.

"Mama, hii nini?"

Isabela akamwambia ni wale kuku weupe wa uani, ndivyo walivyo ndani, atoke akawaone. Isaka hakutoka.

"Kama ndivyo walivyo, mbona umewafunika?"

Nilipomuuliza Isabela baadaye kwa nini hakunitaja, kwamba lile tui lilikuwa shauri langu, alisema, "Ningekutaja, wangesema tupo wawili."

Hawakugomba. Laiti wangegomba. Isaka alinawa tena, akanawa sana, kwa maji tunayoyapangia foleni tangu alfajiri, akasema wana haraka. Furaha akaaga bila kutoa mkono. Pikipiki ikaondoka.

Niliporudi kwake nilimkuta Isabela, sahani mbili ziko mbele yake. Alipomaliza kunisimulia alizihamishia kizingitini, mlango wazi, mahali ambapo yeyote apitaye barabarani angemwona, akaketi, akaanza kula. Alilila paja lile lililofutwa. Akala bawa la Furaha. Akatafuna hata mifupa. Ilipobaki firigisi, ambayo kwetu huwekewa mwanamume, aliichukua akaninyooshea.

"Kula, Mama Hamudi."

Kuku yule nilimnyonyoa kwa mikono hii. Nilimkata, nikamwosha, nikaionja chumvi yake. Hakuna kilichoingia kwenye chungu kile nisichokijua. Lakini firigisi ilikuwa nyeusi kiganjani mwake, na nikamkumbuka yule mtoto wa miezi mitatu, na mkono wangu haukwenda.

Nikasema nimeshiba.

Hakunilazimisha. Aliila mwenyewe, akafuta sahani kwa kidole, akanywa maji kikombe kizima. Jua lilikuwa bado limesimama juu ya mikorosho. Sista alikuwa ameingia ndani, amekuta kitambaa cha kufutia mikono kimeanguka chini ya meza, amekilalia. Isabela akajinyoosha mkekani karibu naye, akanigeuzia mgongo.

Sikuondoka. Nilijiambia nakaa kwa ajili ya huzuni yake. Nilikuwa nangoja nione kama chakula kile kitamdhuru. Nilimsikiliza hivyo, nimekaa pale mlangoni, mpaka pumzi yake ikawa ndefu, ikatulia, akalala.