Maji ya Kupooza

Shuka la tatu lilikataa kutakata. Dobi alilisugua mpaka vidole vikamuuma, akalitupa kwenye beseni, akaliokota tena. Asubuhi nzima alikuwa hajagusa nguo za wateja. Alifua za mdogo wake tu, aliyelala chumba cha nyuma, tumbo likimwendesha tangu mwezi uliopita.

"Pole, dada," mdogo wake aliita kutoka kitandani. "Ukimaliza nitakuongezea kazi."

"Cheka tu! Nilikupa figo yangu uitunze, si uimwage chooni."

Hakuwa akitania sana. Figo ile ilitoka kweli mwilini mwake. Ili mwili usiikatae, mdogo wake alimeza dawa za kushusha kinga, na kinga iliposhuka, vimelea ambavyo mtu mwenye afya angevishinda kwa siku chache vilihamia tumboni mwake vikapanga chumba. Daktari alisema vinatoka kwenye maji, na dawa ya kutia majini haiviui. Chemsheni. Mwili ukizidi kukauka, figo nayo inakwenda.

Basi wakachemsha. Gesi ilipoisha wakahamia mkaa. Na bado mashuka.

Dobi aliingia jikoni kutafuta sabuni, akamkuta wifi yake, mke wa mgonjwa, akiipua sufuria iliyokuwa ikitokota. Wifi akajaza nusu jagi, kisha akalipeleka chini ya bomba na kufungulia.

"Unafanya nini?"

"Napooza, wifi. Ana kiu, na haya yanaunguza."

"Kwa maji ya bomba?"

"Si nimeshayachemsha?"

Dobi alimpokonya jagi akalimwaga lote kwenye sinki.

"Mwezi mzima! Unaviua kwa moto, halafu unamrudishia vingine vibichi! Una akili wewe?"

"Usinifokee!" Wifi naye akapandisha. "Wewe ulitoa figo, sawa, tumesikia. Mimi ndiye ninayelala naye. Mimi ndiye anayeniomba maji kama mtoto, na midomo imempasuka. Nimwambie asubiri?"

"Ndiyo! Mwambie asubiri!"

Wifi akafunga bomba, wote wawili wakihema.

"Jamani," sauti ikaja kutoka chumbani, nyepesi. "Hayo maji?"

Dobi alilisuuza jagi kwa maji ya moto, akamimina humo yaliyobaki kwenye sufuria. Wifi akachukua mfuniko akaanza kupepea. Dobi akachukua mwingine. Walisimama huku na huku, bila kutazamana, wakipepea kwa nguvu kama wanaofukuza kitu, na mvuke ukaendelea kupanda, hauna haraka.