Mvua ya Mawe Waithaka

Somoe Nandonde alikuwa amefundisha Kiswahili mjini Lindi kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kampuni moja ya vitabu kumwita Nairobi. Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki sita: kusoma kurasa za kitabu cha darasa la sita kabla hakijachapwa, na kuweka alama ya wino mwekundu penye kosa. Ilikuwa Novemba 2006. Akamwacha mumewe Hemedi na binti yao wa miaka saba, akapanda basi, na siku ya tatu akawa ameketi katika ofisi ya ghorofa ya nne katikati ya jiji, meza yake ikitazama ukuta.

Watu wa ofisini hawakuwa wabaya. Walimwita mwalimu, wakamletea chai saa nne, wakaendelea na mazungumzo yao. Alidhani kwenda nchi inayozungumza Kiswahili kungekuwa kama kuhama mtaa. Lakini Kiswahili chao kilienda mbio, kikarukia Kiingereza na kurudi, na yeye alipofungua mdomo walinyamaza wakamsikiliza kwa heshima, kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Kufikia wiki ya tatu aliweza kumaliza siku nzima akiwa amesema sentensi tano.

Alikuwa amepanga chumba Waithaka, pembezoni mwa jiji, katika kiwanja cha mjane wa miaka sabini na kitu aliyeitwa Wamucii. Siku ya kwanza Somoe alimwamkia shikamoo, naye akajibiwa asante. Alipomwita bibi, mpangaji wa chumba cha pili alicheka, akamweleza kwamba huku bibi ni mke wa mtu, amwite Cucu, ndiyo bibi kwa Kikuyu. Basi akamwita Cucu. Kiswahili cha Cucu kilitosha kununua chumvi, na Somoe hakujua Kikuyu hata kidogo. Walisalimiana asubuhi, wakasalimiana jioni, kila mmoja akafunga mlango wake.

Jumamosi moja Somoe alibeba kurasa zake nyumbani ili azimalize. Mpangaji mwenzake alikuwa amekwenda kwao mwisho wa wiki. Yapata saa tisa alasiri, kurasa zikiwa zimetandazwa kitandani kwa mpangilio wa sura, chumba kikaingia giza. Kitu kikagonga bati. Kikagonga tena. Akadhani ni watoto wanarusha mawe, akafungua mlango awakanye.

Uani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na vitu vyeupe vinadunda chini, vikubwa kama ndimu, na alipokuwa bado anavishangaa vikamiminika vyote kwa pamoja. Mvua ya mawe. Alikuwa ameliandika neno hilo ubaoni kila mwaka, akawaeleza wanafunzi maana yake, na hakuwahi kuiona. Alirudi ndani akafunga mlango kwa komeo. Kelele juu ya bati ilimfanya aite, hakujua anamwita nani, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Hapo upepo ukaingia chini ya mabati, yakainuka upande mmoja, misumari ikalia, na mabati mawili yakaenda zake. Barafu na maji vikamwagika juu ya kitanda.

Alichukua beseni la kufulia, akajifunika kichwa, akakimbia. Vidole vilivyoshika ukingo wa beseni viliumia hadi akahisi vimevunjika. Alibisha kwa Cucu kwa mguu. Hakuna jibu. Kisha akamwona: mzee yule alikuwa kando ya zizi lililolala upande, gunia kichwani, anavuta kamba ya ng'ombe aliyekataa kutoka.

Somoe hakuwahi kugusa ng'ombe. Alitupa beseni, akashika kamba.

"Wewe sukuma nyuma," Cucu alimwambia, mdomo karibu na sikio lake.

Akaenda nyuma akasukuma kwa bega, macho ameyafumba, mawe yakimpiga mgongoni. Ng'ombe alitoka kwa mara moja hata wote wawili wakaanguka kwenye matope. Walimwingiza jikoni, wakasimama humo pamoja naye, wakitetemeka, mpaka kelele ilipopungua ikawa mvua ya kawaida, kisha ikakatika.

Ua ulikuwa mweupe. Nyuma ya nyumba, mahindi na sukuma wiki vilikuwa vijiti vitupu. Cucu alitembea hadi mwisho wa shamba, akasimama huko kitambo, akasema jambo kwa Kikuyu. Alipogeuka alimtazama Somoe mikono, ikiwa imevimba na kuwa ya bluu, akaingia ndani akamletea koti zito la marehemu mumewe; usiku huo na wa kesho yake Somoe alilala nalo kwenye kiti cha sebuleni kwa Cucu.

Simu ilipata mtandao Jumapili mchana. Hemedi alidhani kuna watu wamewarushia mawe. Alipoelezwa akacheka kidogo, akauliza kama ni barafu kama ile ya dukani. Mtoto akamnyang'anya simu akataka kujua kama mama ameila. Somoe alitaka kuwaambia jinsi alivyoita na asiisikie sauti yake. Akasema hapana, hajaila. Salio likaisha.

Jumatatu alipeleka kurasa ofisini ndani ya mfuko wa plastiki, zimegandana, wino mwekundu umesambaa hadi pembeni. Mhariri wake, kijana mmoja mpole aitwaye Kihara, alizigeuzageuza.

"Mvua gani hii, mwalimu? Hapa tao, huku katikati ya jiji, Jumamosi ilikuwa jua tupu."

Somoe alimwonyesha mikono. Kihara akasema pole sana, na alimaanisha, kisha akaenda kumpigia chapa kurasa nyingine. Watu waliinua vichwa, wakauliza Waithaka ni upande gani kutoka Dagoretti Corner, wakarudi kwenye kazi zao. Akaanza upya, ukurasa wa kwanza.

Aliporudi jioni ile alikuta fundi wa mabati bado hajaja, na kitanda chake kimehamishiwa sebuleni kwa Cucu, kimekaushwa na kutandikwa. Walikunywa chai ya maziwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumamosi. Giza lilipoanza kuingia, Cucu akaanza kuongea Kikuyu, polepole, macho yake mlangoni. Aliongea muda mrefu. Mara mbili Somoe alisikia jina alilodhani ni la marehemu.

Hatimaye akamaliza. Somoe angeweza kusema pole, lakini neno hilo alikuwa amelisikia mno siku hiyo. Badala yake akaanza kuongea Kimwera, lugha ya mama yake, ambayo hakuwa ameitamka tangu avuke mpaka. Alieleza bati, na sauti, na ng'ombe. Cucu hakuelewa hata neno. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasogeza birika na kumjazia kikombe.