Laini ya Taa za Ngazini

Sikulelewa kumsifu mtoto mbele ya watu, na sitaanza uzeeni. Nitaeleza tu yaliyotokea siku mjukuu wangu wa kike, fundi umeme mwenye leseni ya ukaguzi, alipokuja kupima nyaya nilizozitandaza mimi mwenyewe kabla mama yake hajazaliwa.

Jengo lina maduka chini na ofisi juu. Nyaya zake ni za mtindo ambao mafundi wengi wa leo hawajaushika: ganda la shaba kwa nje, na ndani, badala ya plastiki, unga mweupe wa madini ulioshindiliwa ukawa mgumu kama chaki. Moto hauuwezi unga huo. Adui yake ni maji, kwani huyanywa bila kushiba. Ndiyo maana kila ncha huzibwa kwa kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta ngumu. Majengo mengine yote niliyoyafanyia kazi hiyo yamekwisha kubomolewa. Lilibaki hili, na mwenye jengo alikuwa ametamka wazi: nyaya zikifaulu zitabaki, zikishindwa atazing'oa zote.

Mjukuu wangu alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, mbali na sanduku la fyuzi.

"Babu, leo wewe ndiye mtahiniwa. Usiguse kitu."

"Nani aliyekufundisha kushika bisibisi?"

"Wewe. Na wewe huyo huyo ulinikataza kusahihisha karatasi yangu mwenyewe."

Mwenye jengo, aliyekuwa ameegemea mlango, akaangua kicheko. "Mzee, wasiwasi wa nini? Mjukuu gani atamwangusha babu yake?"

Nilimkunjia uso. Hilo hasa ndilo nililokuwa naliogopa. Ushindi niliutaka, sikatai, lakini sikuutaka wa kupewa kama peremende.

Binti alizima umeme, akazitenga nyaya, akaunganisha kipimo cha uvujaji wa umeme ambacho mafundi wote hukiita mega: namba ikiwa juu, waya ni mzima. Laini za maduka zikapita. Za ofisi zikapita. Kila aliposema "Safi," nilitazama dari kana kwamba habari hizo zinamhusu mtu mwingine. Kisha akaja kwenye laini ya taa za ngazini. Akabonyeza, akatazama namba, akabonyeza tena. Neno "safi" halikutoka.

"Ncha imevuta unyevu," nikasema. "Ipashe."

"Babu!"

"Nimenyamaza."

Hata hivyo aliipasha, na aliipasha inavyopaswa. Alianzia mbali, ndani ya stoo ya wafagizi iliyo kando ya ngazi, akaisogeza tochi ya gesi polepole kuelekea nchani, ili unyevu ufukuzwe utoke nje. Mwenye papara huanza na ncha, akausukuma unyevu ndani zaidi na kuharibu kilichokuwa kizima. Alipomaliza akakata kipande cha mwisho, akaziba upya kwa kikombe na nta, akapima. Namba ikapanda vizuri.

Mwenye jengo akapiga makofi. "Imekwisha hiyo! Tia sahihi twende tukale."

"Bado. Nitarudia jioni."

"Si imepita?"

"Imepita kwa sababu nimeichoma, bosi. Nataka kujua kama itapita bila kuchomwa."

Moyoni nilisema, huyu ni wangu. Usoni sikuonyesha lolote.

Mchana wafagizi waliosha ngazi na kurudisha ndoo zao stoo. Jioni mjukuu wangu alipima akiwa amenipa mgongo, na alibaki hivyo kwa muda mrefu kuliko mega inavyohitaji. Kisha akaja kuchuchumaa mbele ya kiti changu.

"Babu, umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Mbona unanibembeleza kama mgonjwa anayesubiri majibu?"

"Basi nikuletee maji."

"Fundi," nikamwita. Sikuwa nimewahi kumwita hivyo. "Ukiwa na neno, liseme."

"Laini ya ngazini imeshuka tena. Unyevu hauingilii nchani. Siwezi kuipitisha."

Nitasema kweli, yalinikata maini maneno yale. Ulimi uliniwasha kumwomba asubiri hadi kesho, apashe mara nyingine, afanye lolote. Lakini macho yake yalikuwa yamelengwa na machozi na hayakunikwepa, nami nikaona haya kumtwisha mzigo wa pili.

"Unaingilia wapi?"

Alinishika kiwiko, tukaingia stoo. Akaziondoa ndoo na madumu ya dawa ya sakafu, akapiga magoti, akaingiza kioo kidogo nyuma ya kona ya waya, karibu na sakafu. Kwa mwanga wa kurunzi nikaliona doa la kijani, na katikati yake tundu la kuingia sindano. Dawa ilikuwa imeila shaba kwa miaka mingi. Zamani chumba kile kilihifadhi karatasi za ofisi, si ndoo, lakini huo haukuwa utetezi. Hukumu ilikuwa ya haki.

"Basi," akasema mwenye jengo aliyetufuata. "Nang'oa zote."

Mjukuu wangu akainuka, akapangusa magoti. "Iliyoharibika ni moja. Ukitaka kung'oa nzima, mali ni yako. Lakini sahihi yangu haitasema kwamba nzima ni mbovu."

"Nawe kweli umemwangusha babu yako?"

"Nimeiangusha laini, bosi."

Yule bwana alimtazama yeye, akanitazama mimi, akakuna kidevu. "Sikiliza, binti. Ungezipitisha zote leo, kesho ningemwita mtu mwingine aje kupima upya. Sasa ukiniambia hizo nyingine ni nzima, nalala usingizi. Ng'oeni hiyo moja."

Akashuka zake. Mjukuu wangu alihakikisha tena kwamba umeme umekatwa, kisha akanipa mkasi wa nyaya.

"Ikate wewe, Babu. Ni yako."

Nikaushika kwa mikono miwili, nikabana. Shaba haikutikisika. Nikabana tena hadi mishipa ikanitoka.

"Mume wangu," akasema taratibu, akinitania kama wajukuu wanavyotania babu zao, "nguvu umeziacha wapi?"

"Mikasi yenu ya siku hizi ni butu."

"Butu kabisa," akaitikia, akaweka mikono yake juu ya yangu, tukakata.