Uyoga Husalimiwa Mmoja Mmoja

Sokoni walimwita Konokono, na aliyempachika jina hilo ni wifi yake. Wifi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Msituni alikata kishada kizima cha uyoga kwa kisu, akakitupa kapuni, na kapu likijaa alikaa juu ya gogo kumsubiri mke wa kaka yake, ambaye bado alikuwa anachomoa kiyoga kimoja, anakigeuza, anakinusa, ndipo aguse kingine.

"Wifi, hicho unakichuma au unakiposa?" aliuliza. "Kikikubali utuambie, tumechoka kungoja."

Konokono alicheka naye, lakini utani ukizidi huchoma, na huu ulimchoma. Wote wawili walifundishwa kazi na mama mkwe, mama mzazi wa wifi, na kanuni ya mama mkwe ilikuwa moja tu: uyoga hausalimiwi kwa ukoo, husalimiwa mmoja mmoja. Wifi aliisikia kanuni hiyo tangu akiwa mgongoni, labda ndiyo maana iliingia sikio hili ikatokea lile. Konokono aliisikia ukubwani, akaishika.

Sasa mkaguzi wa uyoga wa soko alikuwa anastaafu. Kapu asilolipitisha yeye haliuzwi, kwa sababu viyoga vingine ni kifo kitupu. Kiti kilikuwa kimoja, waombaji wawili: wifi na Konokono. Konokono alikitaka kiti kile mpaka chakula kilimshinda. Alichoka kuwa kichekesho cha familia. Alitaka mahali ambapo kwenda polepole ndiyo kazi yenyewe.

Siku ya mtihani, katika chumba cha ukaguzi, juu ya meza ya bati, mkaguzi aliweka kipande cha gogo lililooza, alichokileta mwenyewe asubuhi ile. Kilijaa viyoga vidogo vya rangi ya asali. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la mlangoni, amekunja mikono, asije akaambiwa anapendelea.

"Niambieni hivi ni nini," mkaguzi alisema.

Wifi alichomoa kimoja, akapitisha kidole. "Chini ya pete hii ya shingoni shina lina magamba, linakwaruza. Hivi vya kuliwa." Akazungusha macho kidogo tu. "Ila hiki cha pembeni shina lake laini. Hiki ni muuaji."

"Umekiona!" Mkaguzi alifurahi waziwazi. "Wengi hawakioni." Akamgeukia Konokono. "Una la kuongeza, mama?"

Jibu lilikuwa limeshatolewa, tena zuri. Angesema hana, angeondoka na heshima yake. Badala yake akavuta kigoda, akasogeza taa na kuanza upande wa kushoto. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Wifi akapiga miayo ya kusikika hadi nje.

"Si niliwaambia? Leo tunalala hapa."

Konokono akaendelea na kinachofuata. Katikati kabisa ya kishada, kati ya viwili vya kuliwa vilivyokibana kama ndugu kitandani, palikuwa na kimoja chenye kofia ileile na pete ileile. Alikichomoa. Kidole hakikukwaruzwa na kitu. Shina lilikuwa na nyuzi nyeupe tu, na harufu yake ilikuwa ya unga mbichi.

"Na hiki ni muuaji," alisema.

Mkaguzi alitabasamu. "Mama, mwenzako ameshakitoa. Gogo hili nimelichagua mwenyewe kwa ajili ya kile kimoja."

"Basi lilikuwa na viwili."

Mkaguzi alivaa miwani. Akapapasa shina, akanusa, akapapasa tena. Kisha akakaa.

"Nimeshamwambia mke wangu akate vitunguu," alisema taratibu. "Hivi vilivyobaki vilikuwa mlo wangu wa mchana."

Mlangoni mama mkwe aliruka kutoka kwenye benchi, kutopendelea kote kumemtoka. "Simba mwendapole ndiye mla nyama! Huyo ni mkwe wangu huyo!"

Mkaguzi alivua aproni yake, akamfungia Konokono kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Konokono alijawa na furaha. Alijua ameshinda, na hakuona haya kujua.

Wifi aligeuka, akatoka nje. Wakadhani amesusa. Mara akarudi akikokota kapu lake la asubuhi ile, limejaa vishada vilivyokatwa vizima vizima, akalipandisha mezani. Uso ulikuwa umempauka.

"Anza na langu," alisema.

"Litachukua muda, wifi."

"Nitangoja."

Akaenda kukaa kwenye benchi, kando ya mama yake. Konokono akavuta taa karibu, akachukua cha kwanza.