Bafle ya Wati Sitini

Ampli ilitoka Mbarara, kwa bendi ya hoteli iliyovunjika, na Nestor, fundi wa mitambo wa kwaya, ndiye aliyeipakata njia nzima imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa ya wati mia, na nyuma yake zilisimama lampi nne kubwa, vioo vinavyowaka kama makaa. Kwaya ya Wakongo pale kambini Nakivale iliuza mahindi ya misimu miwili kuipata. Muuzaji alimwonya jambo moja tu.

"Ssebo, bwana, hii usiwashe bila spika. Transfoma ikiungua, hapana pata ingine. Hata Kampala."

Nestor aliitikia kwa kichwa tu. Mambo ya umeme aliyasoma Uvira, katika shule ya jioni, baada ya kushinda bandarini akibeba mifuko. Hakupenda kufundishwa anachokijua.

Shida ilikuwa bafle, kasha la spika mbili alilolitengeneza kwa mikono yake. Ubavuni aliliandika kwa rangi nyeupe: OMU 16, WATI 60, yaani upinzani wake na nguvu inayoweza kubeba. Ukilimwagia wati mia, utalichoma. Basi asubuhi ya Pentekoste, wageni wa Ngarama wakiwa njiani, alichomoa lampi mbili za pembeni, akazifunga kitambaani na kuzitia mfukoni.

Bienfait, mpiga gitaa, alishika kiuno.

"Muzee! Iko na lampi ine, unatoa mbili juu ya nini? Unaihasi mashine?"

"Nailinganisha na bafle. Sasa itatoa wati hamsini."

"Nusu! Bantu ba Ngarama batatucheka."

"Nusu ya nguvu si nusu ya sauti. Sikio litapoteza kidogo tu, hutajua." Nestor aligeuza swichi ya nyuma, ile ya omu, kutoka kumi na sita hadi nane, kwa kuwa lampi mbili hutaka upinzani mara mbili ya ule wa lampi nne. Kisha akatia alama nyekundu kwenye kitufe cha sauti, katikati. "Usipite hapa. Ukiilazimisha mpaka ikwaruze, hata hamsini inavuka sitini."

Alichomeka waya wa bafle, akawasha swichi ya kwanza, ile ya kupasha lampi moto. Vioo viwili vikaanza kuwaka. Ilibaki swichi ya pili, ya kuachia nguvu. Kanisa la maturubai lilikuwa limejaa. Kina mama wa kwaya ya Kikatoliki ya Warundi wa Ngarama, walioalikwa, walikaa benchi la mbele pamoja na kiongozi wao, Libérate.

Ndipo Viviane, kiongozi wa kwaya yao, akauliza kutoka nyuma:

"Papa Nestor, bafle umepima?"

Nestor alisikia masikio yakipata moto. Mbele ya wageni!

"Mama Viviane, lile kasha nimelijenga mimi. Namba nimeandika mimi."

"Najua. Nauliza kama umepima. Bafle ilienda kwa Warundi kwa ndoa, ikarudi."

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya swichi. Angeweza kuibonyeza, mambo yakaisha. Lakini aliona afadhali amnyamazishe kwa namba. Akazima, akachomoa waya, akatoa mfukoni mita yake ya kupimia umeme. Bafle ya omu kumi na sita ikiwa nzima husoma kama kumi na tatu hivi kwenye mita. Aliweka ncha mbili za mita kwenye plagi.

Mita haikusoma kitu. Alibadilisha ncha. Hakuna kitu. Bafle ilikuwa imekatika ndani, na ampli ingeachiwa nguvu bila spika, jambo lile lile muuzaji alilomwonya.

Alifungua skurubu nne, akaondoa ubao wa nyuma. Katikati ya spika mbili kulikuwa na mfuko wa maharage, kilo tano hivi, umesukumwa ndani kwa nguvu. Waya inayounganisha spika ilikuwa imechomoka na kuning'inia.

Kanisa lilicheka hadi turubai likatikisika. Libérate peke yake hakucheka.

"Tungeirudisha tupu, Muzee?" alisema. "Kitu cha mtu hakirudi kitupu. Shemeji yangu Jean-Paul aliyaweka vizuri, yasiibwe njiani. Wiki tatu tumengoja hata asante. Tukasema, huyu mzee anadharau maharage yetu."

Nestor alisimama na ubao mkononi. Kwa wiki tatu kasha lilikaa nyumbani kwake, na hakulifungua, kwa sababu alijiona anajua kilichomo.

"Sikufungua," alisema. "Kosa ni langu. Asante, Mama Libérate. Na wewe Mama Viviane, asante."

Alirudisha waya, akapima: kumi na mbili nukta nane. Akafunga ubao, akapasha lampi moto, akaachia swichi ya pili. Bienfait aligusa uzi mmoja, na mlangoni watoto wakaziba masikio.

"Muzee," Bienfait akasema, akitazama kitufe ambacho hakijafika hata kwenye alama, "hizo mbili kaa nazo mufukoni."

Maharage yaliliwa mchana huohuo, na Nestor akaongeza sahani ya pili. Libérate alikuja kuomba bafle tena, kwa ubatizo wa mwezi ujao.

"Chukua," Nestor akamjibu. "Lakini maharage yapite mlangoni, umpe mke wangu."

Jioni alitafuta kopo la rangi nyeupe. Chini ya namba zake akaongeza neno moja: PIMA.