Mfuko Uliohamia Kulia

Helju alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni udadisi. Miaka thelathini ya kushona ilikuwa imemharibu kabisa. Ukimpa mkono wa salamu, yeye macho yake yako kwenye mshono wa bega lako. Kwa hiyo maktaba ya Haapsalu ilipoamua, kiangazi kile cha mwaka tisini na sita, kuonyesha suti walizovaa wavulana wa Estonia tangu enzi za babu zao, hakuna aliyeuliza kazi apewe nani.

Nyumba ikajaa nguo. Kulikuwa na suti za kibaharia zenye kola pana, kaptula za mahameli zilizovaliwa na soksi ndefu za sufu, ambazo wazee waliozileta walikuwa bado wanajikuna wakizikumbuka, na suruali zilizobanwa chini ya goti. Ilibaki suti ya kipaimara ya baada ya vita, ile yenye suruali ndefu ya kwanza. Mvulana aliingia nayo kanisani akiwa mtoto, akatoka mwanamume.

Mumewe Kaljo alikuwa nayo darini. Alimtupia kitandani akamwambia achukue na asimsumbue tena, maana siku hizo walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Zilibaki wiki mbili kufika Jumapili ya makaburi, siku ambayo kila familia hukusanyika kwenye makaburi ya watu wake, mchonga mawe alikuwa anaweka jiwe jipya kwenye kaburi la mama yake Kaljo, na Helju alitaka jina la baba nalo liandikwe.

"Alivaa suti yake nzuri akapanda mashua kwenda Uswidi, akatuacha na ng'ombe mmoja," Kaljo alisema. "Jina lake akaliandikishe huko huko."

Hakuna aliyeweza kumbishia. Septemba ya mwaka arobaini na nne, Warusi walipoingia, Kaljo alikuwa na miaka minane, na kwa macho yake alimwona baba yake, Rudolf, akitoka mlangoni na suti ile ya buluu. Mama aliwaambia majirani na askari kwamba mumewe amevuka bahari. Alimwambia hivyo hata mwanawe, akafa na neno hilo hilo mdomoni. Barua haikuja hata moja. Kitu pekee ambacho Kaljo alikikumbuka bila hasira ni Krismasi moja kabla ya hapo, alipoangusha mshumaa wa mti wa Krismasi ukamtoboa baba mkono wa koti kwa moto, naye baba akacheka badala ya kumchapa.

Helju akaitandaza suti ile ya kijivu mezani. Mama mkwe alikuwa amesema kitambaa kilinunuliwa Tallinn, kipya. Kilikuwa kizuri mno kwa mwaka hamsini na mbili, Kaljo alipopata kipaimara, na hilo peke yake lilimwasha. Akapitisha kidole gumba kifuani, upande wa kulia. Kidole kikakwama.

Palikuwa na ufa uliofumwa uzi kwa uzi, kwa ustadi ambao jicho lisingeuona. Urefu wake ulikuwa urefu wa mfuko. Fundi yeyote wa miaka ile alijua maana yake. Watu hawakuwa na vitambaa, basi suti kuukuu ilifumuliwa, ikageuzwa ndani nje, ikashonwa upya, na mfuko wa kifuani, ambao kwa kawaida huwa kushoto, ukahamia kulia. Kila mtu aligeuza, na kila mtu aliacha mfuko ulipoangukia. Mama mkwe, aliyeishona mwenyewe, aliuziba, akatoboa mwingine kushoto. Mbona afiche jambo ambalo hata mchungaji hakulionea aibu?

Helju akamwita mumewe.

"Hii imegeuzwa," alimwambia. "Ilikuwa ya mtu mzima."

Kaljo akasema huenda ni ya mtu yeyote, mitumba haikuanza leo. Lakini hakuondoka. Helju akachukua wembe, akafumua bitana ya mkono wa kushoto, akageuza kitambaa upande uliokuwa nje zamani. Buluu ikajitokeza. Kwenye kiwiko palikuwa na utomvu wa msonobari uliokauka, mweusi, umeshika majani mawili matatu ya mti huo, membamba kama sindano. Na juu kidogo ya kifundo cha mkono palikuwa na tundu la kuungua, limetiwa kiraka kidogo kwa ndani.

Kaljo akaligusa. Kisha akakaa chini.

"Haikuvuka bahari," Helju alisema taratibu. "Ilikuwa msituni, kwa wanaume waliojificha Warusi. Na mzee wangu, mwanamke hakati suti ya mume anayemngoja. Alijua hatarudi."

Kaljo akaanza kueleza, kana kwamba anasimulia habari za watu wengine, kwamba mama yake alikuwa akienda msituni kuchuma matunda mwezi wa Mei. Mwezi wa Mei hakuna tunda. Alikwenda na kapu zito akarudi na kapu jepesi, na yeye mtoto alimcheka mbele ya wenzake shuleni.

"Ndiyo maana hakuniambia," alisema. "Ningesema. Mdomo wangu ulikuwa hauna mlango."

Helju akasema kwamba hofu humganda mtu hata hatari ikishapita, ndiyo maana mama hakusema hata baadaye.

"Siku ya kipaimara mchungaji alituambia tuwaombee baba zetu," Kaljo alisema. "Mimi niligoma. Nimesimama pale na koti lake mgongoni, Helju, nikagoma."

Akalia, na Helju akamwacha alie.

Asubuhi Kaljo akaenda mwenyewe kwa mchonga mawe, akamtajia jina, Rudolf, na mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa kufa hakuwa nao. Mchonga mawe, ambaye kama kijiji kizima alikulia kwenye hadithi ile ile, akauliza kama aandike chini yake Uswidi.

"Hapana," Kaljo alisema. "Hakwenda popote."